Mawe, Chui na Mtu wa Tano

Mwalimu Ekidor Ekeno alikuwa na mazoea ya kupita katikati ya barabara kuu ya Lodwar mchana wa jua kali, wakati hata mbuzi wamejibana kwenye vivuli vya kuta, yeye hana kofia wala haraka, chaki ikichungulia kutoka mfuko wa shati. Wasiomjua walisema anaringa. Kumbe alikuwa akifikiri, na mtu anayefikiri kwa bidii hana nafasi ya kusikia jua. Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini hapo, na jioni, madaftari yakishasahihishwa, alirudi kwenye kazi yake nyingine, ile ambayo wenzake wa chumba cha walimu waliiita "nukta za Ekidor".

Alichora nukta, kisha akaunganisha baadhi kwa mistari. Nukta ilikuwa mtu, na mstari ulikuwa kujuana. Baada ya hapo aliuliza maswali yanayosikika kama ya mtoto, lakini yamewakondesha wataalamu wengi. Tuseme katika umati huu hapana watu watatu wanaojuana wote, yaani mistari haifanyi pembetatu popote. Je, mistari inaweza kuwa mingi kiasi gani kabla pembetatu haijajilazimisha? Na mtandao uliofika kwenye ukingo huo una umbo gani? Ni elimu ya mipaka. Inatafuta mahali ambapo kitu hakiwezi kuongezeka tena bila kuharibika.

"Mwalimu, hizo nukta zinanunua unga?" mwenzake mmoja alimchokoza siku moja.

"Hazinunui," Ekidor akajibu bila kuinua kichwa. "Hata kwaya yenu hainunui unga, na mnaimba kila Jumapili."

Alizaliwa Lopur, karibu na Kakuma, katika boma la mfugaji. Kwa desturi ya Waturkana, kila mwanamume huzaliwa akiwa Jiwe au Chui, na mtoto wa kiume huwa kinyume cha baba yake. Mzee Ekeno alikuwa Chui, kwa hiyo Ekidor alikuwa Jiwe, na mwanawe Asekon akawa Chui kama babu yake. Nyama ya sherehe ikiliwa, Mawe hukaa na Mawe wenzao, na Chui na Chui wenzao. Hapana mwanamume aliye nje ya pande hizo mbili. Ekidor alipokuwa akichunga, alizoea kupanga kichwani koo nzima alizokutana nazo, baba huku, mwana kule, mjukuu huku tena, na akaona kwamba mstari kati ya baba na mwana huvuka daima. Haujawahi kukaa upande mmoja.

Miaka mingi baadaye, katika chuo kikuu jijini Nairobi, mhadhiri alichora ubaoni mtandao uliogawanywa pande mbili, mistari yake yote ikivuka kutoka upande huu hadi ule. Wanafunzi wakakuna vichwa. Ekidor alicheka kwa sauti hadi akaulizwa kulikoni.

"Umechora nyumbani kwetu," alisema.

Tangu siku hiyo alikuwa na uhakika kwamba elimu hii ilikuwa ikimsubiri yeye. Uhakika si dhambi. Mtu asiye na uhakika hafungui kitabu kigumu mara ya pili. Ekidor alivifungua vigumu mara nyingi, akiwa mbali na maktaba, kwenye nyumba ya mabati inayochemka kama sufuria, na akaelewa.

Kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa ujanja wa sarafu. Chukua mtandao wowote, hata uwe umevurugika vipi. Kwa kila mtu rusha sarafu: kichwa, awe Jiwe, mkia, awe Chui. Kila mstari una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuvuka. Kwa hiyo, kwa wastani, nusu ya mistari yote itavuka. Na kama wastani ni nusu, lazima uwepo angalau mgawanyo mmoja ambao nusu au zaidi huvuka. Hukuuona mgawanyo huo, wala hujui ni upi, lakini upo, na hakuna awezaye kuukana. Ekidor aliwaeleza wanafunzi wake jambo hilo kwa sauti ya mhubiri, na hata wale wa nyuma waliacha kusinzia.

Mwaka 1997 alikuwa amemaliza tasnifu ya shahada ya pili. Moyo wake ulikuwa sura ya nne. Humo alidai hivi: chukua mtandao mkubwa usio na pembetatu, ambamo kila mtu anajuana na zaidi ya theluthi ya watu wote. Mtandao huo, alisema Ekidor, lazima uweze kugawanywa kuwa Mawe na Chui, mistari yote ikivuka. Juu ya dai hilo alijenga sura nzima, hatua juu ya hatua, kazi safi ya kupendeza. Lakini kwenye msingi wenyewe, mahali palipostahili uthibitisho, aliandika maneno mawili tu: "Ni wazi."

Hakuandika hivyo kwa uvivu, wala hakukusudia kumlaghai mtu. Alipoutazama mtandao wake aliziona pande mbili kama alivyowaona wazee wamekaa kwenye nyama. Hapo ndipo mtu mwaminifu anapojikwaa. Hadanganyi mtu yeyote, ila husahau kujihoji mwenyewe.

Msimamizi wake, Daktari Nestor, alikuwa mtaalamu wa hesabu za joto na mwendo wa maji. Nukta si uwanja wake, na idarani hapakuwa na mwingine wa uwanja huo. Aliisoma tasnifu, akaisifu, akaipeleka kwa watahini, nao wakaipitisha kwa barua. Kilichobaki kilikuwa mahojiano ya mwisho mwezi wa Juni. Akishapita hapo, nafasi ya ukufunzi ilikuwa yake, pamoja na nyumba ya chuo. Nawoi, mkewe, muuguzi katika hospitali ya mjini, alikuwa tayari ameanza kufunga vyombo kwenye masanduku.

Likizo ya Aprili, Ekidor aliombwa kwenda Kakuma kuwanoa walimu wa hisabati wa shule za kambi ya wakimbizi. Alikwenda kwa gari lililosindikizwa na polisi, vumbi likimjaa masikioni, moyo ukiwa mweupe. Walimu waliketi kwenye darasa la udongo na maturubai, wengi wao Wasudani waliotembea kwa miguu kutoka vitani. Baada ya kumaliza somo alilotumwa, alishindwa kujizuia, akawaonyesha dai la sura ya nne.

Nyuma aliketi Manyok, Mdinka mrefu mwenye ndevu za mvi chache, aliyekuwa akifundisha hisabati chuoni huko Juba kabla ya vita. Aliinua mkono.

"Mwalimu, hii mstari hapo juu. 'Ni wazi.' Ni wazi kwa nani?"

"Kwa yeyote anayelijua somo hili."

"Mimi najua somo. Kwangu iko na giza."

Darasa likacheka. Ekidor alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni.

"Jambo hili linajulikana, bwana Manyok."

"Nani anajua? Nipe jina yake nimwandikie."

"Labda umekaa muda mrefu mno bila vitabu," Ekidor akasema.

Kicheko kikakatika. Lilikuwa neno baya, na kila mtu alilisikia ubaya wake, hata aliyelisema. Manyok aliinuka taratibu akachukua mtungi wake wa maji.

"Ni kweli. Vitabu yangu walichoma," alisema. "Kichwa hawakuchoma. Nitafikiri mpaka kesho, na wewe pia fikiri."

Nje kulikuwa na zogo. Bomba la maji lililokuwa karibu na darasa lilihudumia watu wa mitaa mbalimbali ya kambi, na wajumbe wake watano walikuwa wameketi mviringo kuamua nani achote kwanza asubuhi. Mkalimani wao wa kawaida aliugua siku hiyo. Ekidor na Manyok walisimama kutazama, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Mviringo huo ulikuwa kichekesho. Wa kwanza alikuwa Awoi, mama wa Kiturkana aliyeuza kuni kambini na kuruhusiwa kuchota hapo. Alizungumza Kiturkana, na Kiswahili cha kubahatisha. Kiswahili hicho kilimfaa kwa jirani yake, Mkongo aliyefika majuzi. Mkongo alijua pia Kifaransa, na kwa Kifaransa alielewana na Msomali aliyekulia Jibuti. Msomali huyo alielewana kwa Kisomali na Mwethiopia wa Ogaden. Mwethiopia alielewana kwa Kiamhari na Nyawech, mwanamke wa Kinuer aliyelelewa katika kambi za Ethiopia. Naye Nyawech, kwa kununua kuni kwa Awoi kila wiki, alikuwa amejifunza Kiturkana cha kutosha kugombana. Kila mmoja alielewana na majirani wake wawili tu. Kwa wengine wawili alikuwa bubu.

Awoi alisema wenye mitungi midogo wachote kwanza. Neno likazunguka, Kiswahili, Kifaransa, Kisomali, Kiamhari, na lilipomrudia kutoka kwa Nyawech kwa Kiturkana lilikuwa limegeuka: wenye watoto wadogo wachote kwanza.

"Mimi sikusema hivyo," Awoi akashangaa. Akafikiri kidogo. "Lakini ni afadhali kuliko nililosema."

Watu wakacheka. Manyok hakuingilia, bomba halikuwa la mtaa wake. Lakini Ekidor hakuumbwa kutazama kitu kilichovurugika bila kukipanga. Aliingia katikati.

"Ejok, mama," alimsalimu Awoi. "Hivi hamtamaliza leo. Kaeni pande mbili, mtazamane. Anayeelewana na mwenzake akae upande wa pili wake, ili maneno yavuke moja kwa moja."

"Kama Mawe na Chui?" Awoi akauliza, akielewa papo hapo.

"Kama Mawe na Chui hasa."

Akaanza kuwapanga. Awoi, kushoto. Mkongo anaelewana na Awoi, basi kulia. Msomali anaelewana na Mkongo, basi kushoto. Mwethiopia, kulia. Nyawech anaelewana na Mwethiopia, basi kushoto. Akamshika Nyawech bega akamketisha kushoto, na hapo akamwona Awoi, ameketi kushoto vilevile.

"Hapana. Njoo kulia."

Nyawech akahama. Sasa alikuwa upande mmoja na Mwethiopia.

"Ngoja. Rudi kushoto."

"Mwalimu!" Nyawech akafoka kwa Kiturkana chake cha sokoni. "Unanifukuza pande zote. Nikae wapi, juu ya bomba?"

Umati ukaangua kicheko. Ekidor akasema labda ameanza vibaya. Akawainua wote, akaanza na Nyawech mwenyewe: Nyawech kushoto, Awoi kulia, Mkongo kushoto, Msomali kulia. Mwethiopia alipokuja, kushoto palikuwa na Nyawech na kulia palikuwa na Msomali, nao wote wawili alielewana nao. Safari hii asiye na upande alikuwa yeye.

Mkono wa Ekidor ulibaki begani mwa Mwethiopia. Kicheko kiliendelea pembeni lakini yeye hakukisikia tena. Hapa palikuwa na watu watano. Hapakuwa na watatu walioelewana wote kwa wote, kwa hiyo hapakuwa na pembetatu. Na bado hawakugawanyika pande mbili, wala wasingegawanyika kamwe, hata uanze na nani.

Manyok alikuwa amesogea karibu yake. Sauti yake haikuwa na ushindi ndani yake.

"Kila mtu anajua wawili kati ya watano," alisema. "Hiyo inazidi theluthi?"

"Inazidi."

"Pembetatu iko?"

"Haiko." Ekidor aliushusha mkono. "Lakini mimi niliandika juu ya mitandao mikubwa, si ya watu watano."

"Basi pahali ya kila mtu weka mtaa mzima. Mtaa ya Nyawech yote inajuana na mtaa ya Awoi yote, na ya Mwethiopia. Ndani ya mtaa hakuna anayejuana. Ufanye kubwa vile unataka."

Ekidor alichutama akachora mchangani kwa kidole mitaa mitano katika mviringo, hapo hapo katikati ya miguu ya watu na mitungi. Ilikuwa kweli. Hata ungeweka maelfu ya watu, kila mmoja alijuana na sehemu mbili kwa tano za wote, na dai la sura ya nne lilianguka lote. Na alijua pia kwa nini hakuliona. Katika boma la baba yake mstari hushuka, baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hushuka bila kurudi. Haujawahi kuzunguka na kumfikia tena aliyeanza. Alikuwa ameichukua desturi ya nyumbani akaiita sheria ya dunia.

"Sisi tukae mviringo tu, vile tulikuwa," Awoi akasema, akaketi. Wenzake wakamfuata, na kikao kikaendelea bila mwalimu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya somo, Ekidor alisimama mbele ya walimu wote.

"Jana nilimwambia bwana Manyok neno lisilo na adabu. Tena yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Naomba radhi hapa hapa nilipomtusi, si pembeni." Kisha akageukia ubao, akawaonyesha mviringo wa watano, na kufundisha kosa lake mwenyewe kwa uhakika ule ule aliofundishia vitu vingine. Wapo wanaodhani kukiri kosa ni kuinamisha shingo. Ekidor hakuinamisha. Alikuwa na jambo la kweli la kusema, na jambo la kweli husemwa shingo ikiwa imenyooka.

Kazi ngumu ilikuwa Lodwar. Alipanga foleni kwenye simu ya posta akampigia Daktari Nestor.

"Watahini wamepitisha, Ekidor," sauti ya Nestor ilisema katikati ya mikwaruzo. "Wamepitisha! Unataka nini tena?"

"Sura ya nne ni ya uongo, Daktari."

"Usiseme uongo. Sema ina pengo. Kila tasnifu ina pengo. Fanya mahojiano mwezi wa sita, pata shahada yako, ingia kazini, halafu ulizibe polepole. Hakuna aliyeliona."

"Mimi nimeliona."

"Ukiiondoa sasa, nafasi haitakungoja. Wahu ndiye anayefuata, na Wahu ni mzuri. Atapewa."

"Kama ni mzuri, apewe."

"Ekidor, mimi nakutakia mema. Una mke na mtoto. Unalielewa unalolifanya?"

"Naelewa, Daktari. Nikisimama mbele ya jopo wakaniuliza kama dai hili ni kweli, nitajibu nini? Nikisema ndiyo, nimekuwa mwongo mwenye shahada. Naiondoa. Nitaileta nyingine."

Nestor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wengi wetu, aliyezoea kuahirisha ukweli mpaka mshahara uingie. Alishusha pumzi ndefu, akasema vyema, na simu ikakatika.

Nawoi alikuwa ukumbini, akizungushia bilauri magazeti ya zamani. Ekidor alimweleza wima, bila kuzunguka. Nawoi alisikiliza mpaka mwisho, gazeti likiwa mkononi.

"Baba Asekon, huo mchoro wako ukiwa na kosa, kuna mgonjwa atakufa?"

"Hapana."

"Kuna nyumba itaanguka?"

"Hapana."

"Kuna mtu hata mmoja, Nairobi nzima, anajua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini mimi ndiye nifungue masanduku?"

Alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki. Ekidor hakumpa maneno matamu.

"Wewe mgonjwa akikuuliza kama sindano imechemshwa, na hukuichemsha, na hakuna aliyekuona, unamjibu nini?"

"Usinichanganyie hospitali na nukta zako," Nawoi alisema. Kisha akavua gazeti kwenye bilauri moja na kuipiga mezani kwa kishindo. "Hii nitainywea chai. Hizo nyingine utafungua mwenyewe. Zote. Na zikivunjika, utanunua."

Alizifungua zote, siku ile ile, na hakuvunja hata moja.

Miezi iliyofuata, kila alipopata nafasi alipanda gari kwenda Kakuma, akakaa na Manyok chini ya turubai, vijiti na mchanga vikiwa karatasi yao. Hawakuanza kuomboleza kilichoanguka. Waliuliza swali jipya: kama theluthi haitoshi, ni kiasi gani kinatosha? Mviringo wa watano uliwaonyesha kwamba hata sehemu mbili kwa tano hazitoshi. Je, zaidi kidogo ya hapo?

"Tuseme iko mtandao haina pembetatu, na imekataa kugawanyika," Manyok alisema siku moja. "Basi lazima iko na mviringo yenye hesabu witiri. Tatu haiwezi, hiyo ni pembetatu. Basi tano, au saba, au zaidi. Chukua ile fupi kabisa."

"Sasa mtu wa nje," Ekidor akadakia. "Mtu yeyote wa nje ya mviringo huo anaweza kujuana na wangapi walio ndani?"

Walijaribu kwa vijiti. Wakimpa watu watatu, ama pembetatu ilizuka, ama njia ya mkato ilizuka na mviringo mfupi zaidi ukapatikana, ilhali walikuwa wamechukua ulio mfupi kuliko yote. Kwa hiyo wawili, hawezi kuzidi. Manyok akatupa kijiti.

"Wawili tu! Basi mistari yote inayoingia kwa mviringo haiwezi kupita mara mbili ya watu wote."

"Na waliomo ni watano au zaidi," Ekidor akasema, sauti ikipanda, "na kila mmoja ana zaidi ya sehemu mbili kwa tano. Mara tano, ni zaidi ya mara mbili. Haiwezekani. Mviringo huo haupo. Mtandao unagawanyika!"

Wanawake waliokuwa wakipita na kuni waligeuka kuwatazama watu wazima wawili wakishikana mikono juu ya vijiti.

Jioni hiyo walikuwa na hakika kwamba wamevumbua. Baadaye Ekidor alipopata nafasi ya kuingia maktaba Nairobi, alikuta kwamba wataalamu wa Ulaya walikwisha kuandika jambo hilo miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Hakujipa muda wa kununa. Aliandika kwenye tasnifu kwamba matokeo hayo ni ya wengine, akataja wapi yamechapishwa, na akaongeza kuwa njia hii ya kuyafikia aliipata pamoja na bwana Manyok wa Kakuma. Kilichokuwa chake mwenyewe kilikuwa eneo la katikati, kati ya theluthi na sehemu mbili kwa tano, mahali ambapo mtandao unaweza kukataa kugawanyika. Hapo alirudi kwenye sarafu. Alionyesha kwamba kwa aina fulani za mitandao hiyo, ukirusha sarafu kisha ukawahamisha wachache kwa uangalifu, mistari inayovuka huzidi nusu kwa kiwango anachoweza kukitaja. Lilikuwa dai dogo kuliko la kwanza, na lilikuwa na uthibitisho kwa kila mstari.

Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata alisimama mbele ya jopo. Wahu alikuwa ameketi nyuma kama mkufunzi wa idara, na Ekidor alimsalimu kwa heshima kabla ya kuanza. Mtahini mkuu, mzee mwenye miwani minene, alizifungua tasnifu mbili mezani, ya zamani na mpya.

"Bwana Ekeno, hii ya kwanza tulikuwa tumeipitisha. Ilikuwa na dai kubwa zaidi. Hii mpya ni nyembamba. Kwa nini utuletee kidogo badala ya kikubwa?"

"Kile kikubwa hakikuwepo, mheshimiwa," Ekidor akasema. "Kilikuwa kwenye karatasi tu."

"Na sisi tulikipitisha," mzee akasema polepole. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Basi tuonyeshe kilichotupita."

Ekidor alichukua chaki akachora mviringo wa watano. Aliwaita Awoi, Mkongo, Msomali, Mwethiopia na Nyawech, kwa maana hakuona sababu ya kuwaita kwa herufi. Alimpeleka Nyawech kushoto na kulia mpaka mtahini mmoja akacheka kwa sauti, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alikuwa ameelewa. Baada ya hapo maswali yalikuja mfululizo, magumu, ya haki, na Ekidor aliyajibu yote. Mahali pawili alijibu "sijui", bila kusitasita.

Walimpitisha kwa sifa. Daktari Nestor alimshika mkono nje ya mlango, akautikisa muda mrefu.

"Nafasi nyingine hakuna sasa," alisema kwa aibu. "Labda mwakani. Labda."

"Najua, Daktari. Nina kidato cha nne kinaningoja, wana mtihani wa taifa."

Alikwenda kwenye kibanda cha simu akapiga hospitalini Lodwar. Nawoi aliitwa kutoka wodini, akaja akihema.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Kweli kweli, bila 'ni wazi'?"

"Bila hata moja."

Alimsikia akicheka, na nyuma yake muuguzi mwingine akiuliza kuna nini.

"Na nyumba ya Nairobi?" Nawoi akauliza.

"Hiyo haipo, Mama Asekon."

"Nilijua. Basi rudi upesi. Upepo umeng'oa mabati mawili upande wa jikoni, na fundi anataka asimamiwe na mtu asiyedanganyika."

Ekidor alirudisha simu mahali pake, akavuka barabara, na kwenda kukata tiketi ya basi la Kitale, kwenye njia ya kurudi Lodwar.